Weupe wa Pafu

Mtoto alizaliwa akiwa na wiki 29, katika mji mmoja wa Uingereza. Mama yake, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na jina moja tu la mtoto wa namna hiyo: njiti, neno lilelile la kijiti cha kiberiti. Kila mtoto alipovuta pumzi, ngozi ilibonyea baina ya mbavu. Kila alipoitoa, aliguna.

Sababu ya mguno huo ilijulikana mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead walipoonyesha kwamba mapafu ya vichanga hao hukosa utando wa utelezi unaozuia vifuko vya hewa visisinyae. Kujua hakukutosha. Mwaka 1963 Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alifariki kwa maradhi hayohayo kabla ya kutimiza siku mbili. Ni mwaka 1980 ambapo Tetsuro Fujiwara na wenzake, huko Japani, walitangaza kuwa wamewatibu watoto kwa utando uliotokana na mapafu ya ng'ombe.

Tangu hapo swali limekuwa: apewe nani, na lini? Kupitisha mrija kooni mwa kiumbe wa kilo moja si jambo dogo, na kuchelewa nako kuna gharama yake. Kwa miaka mingi waganga walitazama picha ya eksirei na kusubiri haja ya oksijeni ipande.

Usiku ule daktari hakusubiri. Alisukuma mashine ya altrasaundi hadi kitandani, akapasha jeli moto, akapitisha kipimo kidogo kifuani, mtoto akiwa palepale alipolala. Zamani iliaminika kuwa mawimbi hayo hayafai kwa mapafu, kwa kuwa hewa huyarudisha. Mfaransa Daniel Lichtenstein aliusoma mrejeo wenyewe: pafu lenye hewa huchora mistari ya ulalo, lenye majimaji huteremsha mistari ya wima, mithili ya mvua. Kila upande hukaguliwa sehemu tatu, kila sehemu hupewa alama 0 hadi 3; jumla ikikaribia 18, hali ni nzito.

Daktari alisema kwamba mapafu ni meupe. Mama akatabasamu. Katika lugha yake moyo mweupe ni moyo safi, na kukiwa kweupe usiku umekwisha. Ilibidi aelezwe kwamba hapa weupe ni mvua iliyojaa nyumba, na kwamba heri ni weusi wenye mistari iliyolala.

Dawa ilipitishwa kwa mrija mwembamba, mtoto akiendelea kupumua mwenyewe. Mashine haikumponya, ilimpa mkono uliofunzwa sababu ya kutangulia saa.

Siku ya pili mguno ulikuwa umekoma. Kipimo kilipowekwa tena kifuani, mama hakungoja tafsiri. Aliinama karibu na kioo, akautafuta weusi.