Matunzo Nayo ni Utamaduni

Aghalabu neno utamaduni linapotajwa, fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Si kosa. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alizungumzia hasa ngoma na nyimbo zetu zilizodharauliwa wakati wa ukoloni. Hata hivyo, namna watu wanavyovitunza vyombo vyao vya kazi nayo ni sehemu ya utamaduni wao. Mabaharia wa mwambao wetu hawakungoja chombo kizame ndipo wakitazame. Walikipandisha pwani, wakaziba nyufa kwa kalafati, wakapaka mbao mafuta ya papa, na chini wakapaka deheni. Kazi hiyo ilikuwa na majira yake, maneno yake na adabu yake. Mimi niliijua habari hiyo kwa kuisoma, lakini maana yake nilifundishwa na gari bovu.

Marehemu baba aliniachia Volkswagen, lile lenye umbo la kobe, alilolinunua mwaka 1971. Kwa miaka mingi nililitumia bila kulifikiria. Mwaka 2008 mambo yaligeuka. Mama yangu, aliyekuwa na kisukari, alipata kidonda cha mguu kilichokataa kupona, ikanipasa kumtoa Muheza na kumpeleka hospitali Tanga kila juma. Mwaka huo huo bei ya mafuta ghafi duniani ilipita dola 140 kwa pipa. Gari lilikunywa petroli kama lililotobolewa. Nikafika mahali pa kuchagua kati ya petroli ya safari na dawa zenyewe. Jioni moja mama aliniambia, "Mwanangu, acha kunipeleka. Kidonda ni changu, mshahara ni wa watoto wako." Sikulala usiku ule.

Sina budi kukiri jambo la aibu. Wakati huo nilikuwa nimefundisha fizikia kwa miaka 19. Nilikuwa hodari wa kuchora ubaoni mapigo manne ya injini: kuvuta, kukandamiza, kulipuka na kutoa moshi. Lakini mikono yangu ilijua chaki tu. Gari liliposumbua nililipeleka gereji, likabadilishwa kipuri hiki na kile, nikalipa, na petroli ikaendelea kuisha vile vile.

Katika kutafuta hati za gari sandukuni, nililiona daftari la baba. Lilianza Januari 1974, baada ya ule mgogoro wa mafuta uliopandisha bei ya pipa mara nne hivi katika muda wa miezi michache. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu: kilomita, lita, na kazi iliyofanywa. Mahali pengine aliandika: "Tepeti 0.15, injini baridi. Pointi 0.4. Plagi 0.7." Nilikumbuka Jumamosi zile. Mimi ndiye niliyemshikia taa, lakini akili yangu ilikuwa kiwanjani kwenye mpira.

Nikaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe, nyuma ya nyumba. Jambo la kwanza nililojifunza kutoka katika daftari ni kupima kabla ya kugusa. Nilijaza tangi hadi juu, nikaandika kilomita, nikasafiri, kisha nikajaza tena hadi pale pale. Kilomita nilizotembea nikazigawa kwa lita zilizoingia. Jawabu lilikuwa kilomita 8 kwa lita moja, wakati daftari la baba lilionyesha 11 na 12.

Siku ya pili nilifungua plagi zote nne. Zilikuwa na masizi makavu meusi. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya hudhurungi hafifu au kijivu. Masizi makavu ni ushahidi kwamba petroli inaingia nyingi kuliko hewa iwezayo kuiunguza. Nikazisafisha na kurudisha nafasi zake. Nikaosha chujio la hewa kwa mafuta ya taa na kulitia oili mpya, kwa maana lile la zamani hunasa vumbi katika oili. Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi baada ya kulala usiku kucha, nilipima tepeti. Mbili zilikuwa zimekaza mno. Vali isiyofunga sawasawa huvujisha nguvu ya mlipuko, na dereva hukanyaga zaidi ili kuifidia nguvu iliyopotea.

Hapo nikavimba kichwa. Nilipanga wakati wa cheche, kisha nikafungua pointi, nikazipiga msasa na kuzipanua hadi 0.4. Nilipoondoka kujaribu gari, injini iligonga kilimani kama mtu apigaye debe. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea.

Jirani yetu palikuwa na kijana fundi wa pikipiki na magari. Alikuwa mwanafunzi wangu. Alifeli mtihani wa kidato cha nne, nami nilikuwa nimeandika katika ripoti yake maneno ambayo nisingependa kuyarudia hapa. Nilikwenda kumwita huku miguu ikiwa mizito.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwama."

Alisikiliza injini, akaniuliza nilifanya nini kwanza na nini baadaye. Nilipomweleza, alitabasamu kwa heshima. "Mwalimu, umeanza na la pili. Ukipanua pointi zinafunguka mapema zaidi, kwa hiyo cheche inawahi. Nafasi kwanza, wakati baadaye." Alifunga waya wa taa ndogo kwenye koili na mwingine kwenye bodi, akawasha swichi, akaizungusha injini polepole kwa mkono, na kuigeuza distribyuta hadi taa ikawaka pale pale alama ya puli ilipofika mahali pake. Yote hayo yalikuwa katika fizikia niliyomfundisha. Tofauti ni kwamba yeye aliyajua kwa mikono.

Kisha akafungua kabureta juu, akaangalia ndani, akaniita. Waya wa choki ya umeme ulikuwa umechomoka. Choki ile hutakiwa kupata joto na kufungua kizibo chake baada ya injini kuchemka. Bila waya, kizibo kilibaki nusu kimefungwa safari nzima, na injini ikalishwa petroli ya asubuhi ya baridi mchana kutwa. Huo ndio uliokuwa mzizi wa masizi yote. Waya wenye urefu wa kiganja ulikuwa ukila dawa za mama yangu. Tulipouinua mguu wa nyuma wa gari kwa jeki, tuliona pia kwamba gurudumu halizunguki kwa wepesi, breki zikishika hata bila kukanyagwa. Tukazilegeza, tukajaza upepo wa matairi uliokuwa umepungua.

Nikapima tena kama mwanzo. Kilomita 11 kwa lita. Kwa mwezi nilikuwa nikitembea kilomita 400 hivi, kwa hiyo lita 50 zilishuka hadi 36 na kitu. Lita 13 na zaidi ziliokolewa bila kununua kipuri kikubwa hata kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Mama aliendelea kupelekwa Tanga kila juma, na baada ya miezi minne kidonda kilifunga. Sisemi kwamba gari ndilo lililomponya. Waliomponya ni waganga na wauguzi. Lakini asingeponywa na waganga ambao hakuwafikia.

Ndugu msomaji, sikusudii kukushauri ununue gari kuukuu. Magari ya namna ile yalikoma kutengenezwa mwaka 2003 huko Mexico, na ya siku hizi hayana pointi wala kabureta. Kompyuta ndiyo inayoyapimia petroli. Wala simlaumu fundi wa gereji, kwani kazi isiyo na daftari humpoteza hata mjuzi. Ninalotaka kulisema linahusu desturi. Baba alipima, akarekebisha kitu kimoja baada ya kingine kwa utaratibu, akaandika, akapima tena. Desturi hiyo inafaa pampu ya maji ya kijiji, cherehani, paa la shule na hata mwili wa binadamu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta mmoja ni ghali kuliko nyufa nyingi.

Katika kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea cha Machi 1967, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomfanya mwanafunzi ajitenge na jamii yake na kudharau maarifa yasiyotoka vitabuni. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara nilidhani inamhusu mtu mwingine. Siku ile, nikiwa na grisi hadi viwikoni mbele ya kijana niliyemhesabu kuwa ameshindwa, nilitambua kwamba nilikuwa ninasomewa mimi.

Muhula uliofuata nilimwomba aje darasani kuwaonyesha wanafunzi jinsi pointi zinavyofanya kazi. Alikuja na distribyuta kuukuu ndani ya mfuko, amevaa shati safi. Niliketi dawati la nyuma. Na lile daftari la baba, ambalo kurasa zake za mwisho zilikuwa bado tupu, nimelijaza kwa mwandiko wangu. Safu ni zile zile tatu.