Upepo wa Baba Mdogo

Baba mdogo aliponipigia simu kuniambia anataka kuua kiyoyozi cha gari lake, nilidhani ameishiwa. Gari lenyewe ni Land Cruiser ya dizeli, nalo ndilo lililonisomesha tangu baba alipofariki. Hubeba watu na mizigo kati ya Mto wa Mbu na Engare Sero, kule Ziwa Natron. Njia ile ni mawe, miiba ya migunga na majivu ya Ol Doinyo Lengai. Kwenye majivu hupunguza upepo ili tairi zitanuke zisizame, na akifika kwenye mawe lazima azijaze tena. Ana miaka 61. Pampu yake ilikuwa ya mkono.

"Mama," aliniambia, "abiria akisikia joto atafungua dirisha. Tairi likiisha upepo, mimi nifungue nini?"

Ninasoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo Dar es Salaam. Nikapanda basi.

Kompresa ya kiyoyozi ni pampu tu. Huvuta gesi upande mmoja, huibana, huisukuma upande wa pili. Mkanda wa injini huizungusha, na klachi ya sumaku huiwasha na kuizima. Iondolee mabomba ya kiyoyozi, ipe kichujio cha hewa upande wa kuvuta. Upande wa kusukuma weka valvu ya njia moja, tanki, valvu ya usalama, na swichi ya kukata umeme wa klachi presha ikitosha. Hapo una upepo wa kujaza tairi, kwa kasi kuliko vipampu vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara.

Shida ni oili. Kompresa nyingi za magari ya siku hizi hazina bakuli lake la oili. Oili husafiri na gesi: inatoka, inazunguka kwenye mabomba, inarudi. Kompresa ikivuta hewa ya nje, oili hutoka na upepo na hairudi tena, mwisho wake ni kukauka na kukwama. Ndiyo maana Marekani wapenzi wa magari ya porini husaka York za zamani, ambazo oili yake hukaa humo humo ndani. Sisi tulikuwa na Denso. Fundi akafunga kikombe cha kudondoshea oili kwenye njia ya kuvutia, na kichungi cha kuikamata kabla haijafika kwenye tanki.

Kabla ya kufungua bomba lolote niliuliza habari ya gesi. Kilo moja ya R134a hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Mwaka 2016, hapo Kigali tu, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Nikasema tutafute mashine ya kuinyonya. Fundi akaunganisha geji. Sindano haikutikisika.

"Kila mwaka najaza," baba mdogo akasema taratibu. "Kumbe inaishia njiani."

Barabara ile hulegeza kila nati. Miaka yote alilipia baridi ya abiria, nayo ikapanda mbinguni. Nilisimama pale gereji nikihesabu vitu vingine vilivyotoka kwake bila kurudi: ada ya kidato cha kwanza, godoro la bweni, nauli za kila likizo, kompyuta niliyoandikia maombi ya chuo. Hajawahi kuvitaja hata kimoja.

Kwa hiyo nilisema tanki na valvu nitalipa mimi, kwa posho yangu. Akakataa. Alisema mtoto hamlipi mzazi. Nikamwambia silipi deni. Akanyamaza, akafuta mikono kwa kitambaa, akaenda kumsimamia fundi kana kwamba hajanisikia. Nilidhani nimemuudhi.

Jioni klachi ilinata, mkanda ukalia kidogo, geji ikapanda polepole hadi swichi ikakata yenyewe. Alijaza tairi la mbele kulia, akalipiga teke, akacheka. Ndipo akaniambia, bila kunitazama: "Tanki nimelipa. Wewe utanunua oili."

Kila mwisho wa mwezi namtumia hela ya oili. Hajibu kwa maneno. Hunitumia picha ya kikombe kimejaa, na nyuma yake vumbi.