Usukani na Shingo

Mtu akinunua viatu huvijaribu miguuni kabla ya kutoa fedha yake. Akinunua shati hulipima mabegani. Lakini akinunua baiskeli hutazama rangi, husikiliza mlio wa kengele, kisha huondoka nayo kwa furaha. Ni wachache wanaouliza kama chombo hicho kinaafikiana na mwili utakaokipanda. Mimi sikuwa miongoni mwa wachache hao, na shingo yangu ililipa deni la macho yangu.

Nilikuwa mwalimu kijana karibu na Kiminini, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye na Bungoma. Kila siku nilisafiri kilomita 9 kwenda shuleni na 9 kurudi, madaftari ya wanafunzi yamefungwa kwenye keria. Baba alikuwa amenipa baiskeli yake nyeusi, ya namna ile iitwayo Black Mamba: nzito, imara, na mikono ya usukani wake imepinda kurudi nyuma kumwelekea mpandaji. Niliionea haya. Nikaiuza, nikaongeza akiba ya miezi 4, nikanunua baiskeli ya mashindano iliyokwisha kutumika ng'ambo. Usukani wake ulikuwa chini kuliko tandiko, umejikunja kama pembe za kondoo dume. Muuzaji aliisifu sana, nami nilimsaidia kuisifu.

Wiki ya kwanza vijana walinitazama kwa kijicho. Wiki ya pili vidole vyangu vilianza kufa ganzi. Mwezi wa pili maumivu yaliingia shingoni, yakashuka mabegani, hata nikashindwa kuinua mkono kuandika juu ya ubao. Niliulaumu mto wa kulalia, nikailaumu baridi ya Mlima Elgon, nikaulaumu wingi wa kazi. Kila kitu nilikituhumu isipokuwa kile nilichokipenda.

Jioni moja nilitaka kuvuka barabara niingie njia ya nyumbani. Desturi ya mpandaji ni kugeuza shingo atazame nyuma kwanza. Shingo yangu ilikataa. Nikayategemea masikio, nikakata kona. Kumbe lori la mahindi lilikuwa nyuma yangu! Dereva alilipeleka pembeni kwa nguvu, likanipita kwa nafasi ya mkono mmoja. Nilianguka mtaroni, madaftari yakatawanyika matopeni. Sikuvunjika mfupa, lakini usiku ule usingizi haukunijia.

Kesho yake niliisukuma baiskeli mpaka kwa fundi mmoja mzee aliyefanya kazi chini ya mti.

"Mzee," nilisema, "naomba unikazie breki."

"Panda kwanza, Mwalimu, nikuone," alijibu. Nikapanda. Akatikisa kichwa. "Breki zako ni nzima. Mgonjwa ni usukani."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa wima, mifupa ya shingo hukibeba bila taabu. Lakini mpandaji akiinama sana, hana budi kuinua uso ili aone njia, na misuli ya shingo na mabega hukazana muda wote. Tena uzito wa kiwiliwili huangukia mikononi, na viwiko vikinyooka kabisa, kila shimo la barabara hupiga mabegani. Mshindani huinama kwa sababu njema: katika mwendo wa kasi upepo ndio adui wake mkubwa. Lakini mimi, na madaftari yangu juu ya kokoto, nilishindana na nani? Hata vijana wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walioanzisha kazi ya boda boda katika miaka ya 1960, walibeba watu kwa baiskeli nzito za kukaa wima.

Fundi aliuondoa usukani ule, akafunga mwingine uliopinda kurudi nyuma, upana wake sawa na mabega yangu. Aliuinua juu kidogo kuliko tandiko, ila hakupita alama iliyochongwa kwenye chuma kinachoushikilia, maana ukipita hapo waweza kuchomoka. Alitia nyaya ndefu zaidi za breki. Akalilaza tandiko sawasawa, kwa kuwa tandiko lililoinama mbele humsukuma mtu juu ya mikono yake. Kisha akanipandisha tena, akahakikisha kuwa viwiko vimekunjika kidogo na vifundo vya mikono vimenyooka.

"Jaribu safari fupi kwanza," alisema. "Na ganzi isipoondoka, usirudi kwangu, nenda kwa daktari."

Baada ya wiki 3 niligeuza shingo kulia na kushoto kama bundi. Siku hiyo ndipo nilipoutazama vizuri usukani wangu mpya, nikatambua kuwa umbo lake ni lile lile la usukani wa baba. Nilipompelekea habari hakunicheka. Aliniuliza tu nimetumia shilingi ngapi.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Basi, msomaji, utakapochagua chombo cha kukutumikia kila siku, yaache macho yatoe shauri, lakini hukumu iachie mwili, kwa kuwa ndio utakaobeba gharama.