Ngazi za Ruiru

Nilipowaambia wenzangu wa chuo kwamba nimepata kazi ya mawasiliano katika makao ya wazee, mmoja aliniuliza kama nitakuwa nikiandika matangazo ya vifo. Nilicheka nao kwa kuwa sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechoka kuzunguka Thika nikitafuta habari za kulipwa moja moja, na hapa palikuwa na mshahara, mdogo lakini wenye tarehe.

Ofisi yangu ilikuwa stoo ya zamani ya unga. Kazi yenyewe niliielewa hivi: wageni wanakuja na sukari, mafuta ya kupikia na nepi za watu wazima, mimi nawapanga wazee kwenye viti vya plastiki, napiga picha, kisha naandika maneno ya kuchoma moyo. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, na wiki ya kabla ya Krismasi ndiyo iliyokuwa misimu yetu ya mavuno. Neno nililolipenda kuliko yote ni "kutelekezwa". Neno hilo lilileta magunia.

Siku moja akaingia guka mmoja, yaani babu, aliyemaliza ujana wake katika kiwanda cha nguo pale Thika. Hakubisha. Alikuwa na jarida letu dogo mkononi, limekunjwa kwenye ukurasa wenye picha yake.

"Kijana, hapa umeandika nimetelekezwa. Nani amekwambia?"

Nikababaika. Nikasema ndivyo tunavyoandika, Guka, ili watu wasaidie.

"Msichana wangu anasoma hii. Anakaa Ruiru, juu kabisa, na nyumba haina lifti. Nimekaa kwake mwaka na zaidi. Goti likakataa. Nikakaa mwezi mzima sijakanyaga mchanga, naangalia watu kwa dirisha kama ndege. Mimi ndiye nilimwambia anitafutie mahali pa chini."

Akaniachia jarida mezani akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Anayeijua Ruiru anazijua hizo ploti. Palipokuwa na mashamba ya kahawa pameota maghorofa, na yakazidi tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012. Kijana anapanga nyumba ya juu kwa sababu kodi yake ni nafuu, anatoka kabla ya jua kuwahi matatu ya Nairobi, anarudi usiku. Mama akiletwa kutoka shambani baada ya kuugua, anafungiwa ndani na televisheni. Kuna waliotupwa kweli, nimewaona, na sitaki kuwafunika kwa maneno laini. Lakini wengi niliowaandikia habari walikuwa wameshindwa na ngazi, na saa, na kodi ya nyumba. Mimi, mtu wa maneno, nikaokota neno lililokuwa karibu. Baadaye nilisikia kwamba yule binti aliulizwa na shangazi zake kama haogopi laana.

Na laana hiyo haina mipaka. Wakenya wengi walioko Marekani wanalipwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika makao ya huko, kisha wanatuma pesa ili mtu mwingine amwogeshe mama yao huku. Niliwahi kumpigia mmoja simu kuomba picha ya mamake alipokuwa kijana. Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani mtandao umekatika, kumbe analia.

Hapo Kasarani, kando ya barabara hiyo hiyo ya Thika, kuna Nyumba ya Wazee inayoendeshwa na masista wa shirika lililoanzishwa na Jeanne Jugan wa Ufaransa. Mwaka 1839 alimpa kitanda chake mwanamke mzee kipofu, naye akahamia darini. Wazee aliowapokea baadaye walikuwa wamezoea kuombaomba; akachukua kikapu akaenda kuomba badala yao, ili wao wakae nyumbani. Habari hiyo ilinikalisha chini. Miaka ile yote mimi nilikuwa nimewarudishia wazee kikapu mikononi, halafu nikawapiga picha wamekishika.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinazungumzia heshima ya wazee, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu hata picha zao. Nilikuwa nimevisoma vyote. Guka ndiye alinifanya nivielewe.

Nikaanza upya, na mkubwa wangu hakufurahia, maana magunia yalipungua kwa muda. Tangazo langu lililosambaa kuliko yote halikuwa na picha ya mtu: lilieleza namna mwenye miaka 70 na zaidi anavyojiandikisha kwa mpango wa serikali wa Inua Jamii apate zile shilingi 2,000 za kila mwezi. Watu walilipeleka kanisani, wakalisoma kwa Kikuyu. Na kila habari ya mzee sasa namsomea mwenyewe kwa sauti kabla haijatoka. Inachukua asubuhi nzima, kwa sababu hakuna anayekubali kusomewa bila kwanza kusimulia ya mwaka wa uhuru.

Ya guka niliiandika tena. Nikamsomea chini ya mparachichi, habari ya goti, ya dirisha, ya ghorofa ya nne. Akainua mkongojo kunisimamisha.

"Ya tano," akasema. "Ukiandika nne watadhani sikujaribu."