Tukijua, Tutafanya Nini?

Hapa Uingereza, mama mjamzito huulizwa mapema kama anataka kipimo cha kuangalia uwezekano wa mtoto kuwa na hali ya Down, yaani kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Kati ya wiki ya 11 na ya 14 hupigwa picha ya ultrasaundi na kutolewa damu. Matokeo hayo hujumlishwa na umri wake, ikapatikana namba. Ikiwa kati ya 1 kwa 2 na 1 kwa 150, uwezekano huitwa mkubwa.

Mimi ni muuguzi. Diploma nilisomea nyumbani, shahada nikaichukua huku, na mambo haya nimewaeleza wenzetu wengi. Katika mimba yangu ya pili, nikiwa na miaka 36, namba ikaja kwangu: 1 kwa 90.

Kwa Kiswahili wengi wetu husema "hatari ya Down". Ukishasema hatari, umeshahukumu. Heri kusema uwezekano. Kati ya kina mama 90 wenye namba kama yangu, 89 hujifungua mtoto asiye na hali hiyo.

Nilipewa njia tatu: kuishia hapo, kupima tena damu yangu, ambamo huzunguka vipande vya DNA kutoka kwenye kondo la nyuma, au kuchomwa sindano ya kutoa maji ya chupa ya uzazi, ambayo hutoa jibu la uhakika lakini mara chache huharibu mimba. Mume wangu alitaka tujue upesi. Nikamuuliza, "Tukijua, tutafanya nini?" Tulizungumza hadi usiku wa manane.

Mdogo wangu wa kiume ana hali ya Down. Yuko Tanga, ana miaka 29, anasaidia dukani kwa baba mdogo, na hakuna mteja asiyemjua kwa jina. Kusoma hakuweza. Mama yetu hujiuliza kila siku nani atamtazama yeye akiondoka. Yote hayo ni kweli, na hakuna kipimo kinachoyaonyesha.

Tulikubaliana kwamba mtoto tutampokea vyovyote awavyo. Damu tulipima kwa sababu moja: karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na tatizo la moyo, na hospitali ikijua mapema hujiandaa.

Jibu likarudi: uwezekano mdogo. Nikampigia mama. "Alhamdulillahi, mwanangu," akasema, na nyuma yake nikamsikia mdogo wangu akiuliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Shukrani ikanikwama kooni. Tulikuwa tunashukuru nini, naye yuko pale anasikia?

Sheria ya hapa ya mwaka 1967 huruhusu mimba kutolewa hadi wiki ya 24, lakini mtoto akionekana atakuwa na ulemavu mzito, ukomo huo haupo. Heidi Crowter, mwanamke mwenye Down, aliishtaki serikali kwa ajili ya tofauti hiyo. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ilimkatalia. Siwahukumu wazazi waliochagua tofauti na sisi; nimewashika mikono wodini. Lakini kila nikimfikiria mdogo wangu, naelewa kwa nini Heidi alikwenda mahakamani.

Kwa hiyo, dada yangu, ukipewa fomu kumbuka kupima ni hiari. Omba mkalimani wa hospitali, asiwe mtoto wako wala shemeji yako. Kaeni na mwenzio mjiulize swali lile kabla damu haijatolewa, maana baada ya jibu hofu huzungumza kwa sauti kubwa. Na likija jibu msilolitarajia, ombeni kukutana na familia inayomlea mtoto wa hali hiyo kabla hamjaamua lolote. Watawaeleza raha na taabu ambazo karatasi ya maabara haina.