Spidi Kila Mtu Anayo, Breki Je?

Ukikaa Burma jioni ukingoja nyama iive, stori za ndai hazikosi. Nani ameongeza turbo, nani aligonga 180 Outer Ring usiku. Sijawahi kusikia msee akijigamba kuhusu breki. Naona hapo ndipo tunapotea.

Kukanyaga mafuta hata mtoto anaweza. Kwa racetrack, muda mwingi unapatikana au unapotea pale unapoingia kona. Dereva mkali anafanya kazi kubwa ya breki gari likiwa bado limenyooka. Anakanyaga kwa nguvu mwanzoni, uzito unakuja mbele, tairi za mbele zinashika lami. Halafu kadiri anavyokata stering, ndivyo anavyoachilia breki polepole. Tairi ina nguvu yake na ina mwisho. Ukitaka izuie gari na ipige kona kwa nguvu zote wakati mmoja, itateleza tu. Jamaa wa mkokoteni hapa Burma anajua hii bila kufunzwa: akiwa na mzigo mzito, anaanza kuzuia kabla ya mteremko.

Unataka kuimprove? Chagua alama moja kando ya track, uanze breki hapo kila raundi. Ukizoea, isogeze mita chache tu. Macho yaangalie unakoenda. Na ubadilishe mafuta ya breki kabla ya siku hiyo, kwa sababu yale ya zamani hunyonya unyevu, yakichemka pedali inazama na gari halisimami.

Sasa hesabu. Ukitoka 50 ukafika 100, umbali wa breki hauongezeki mara mbili. Ni mara nne. Jogoo Road haina changarawe ya kukupokea ukikosea. Iko na mama anavuka na mboga zake. Wengi wetu tumeshachangia mazishi ya kijana ambaye gari lake lilijua kwenda kuliko kusimama.

Sisemi tuache mbio. Safari Rally ilirudi WRC 2021, na 2022 Maxine Wahome akashinda WRC3. Kwa vumbi la Naivasha, ukichelewa kubreki unaishia kwa kichaka. Tuanzie basi kwa gokati na track, mahali pa kukosea bila kuua mtu.

Kwa hivyo ukiniambia ndai yako inaenda, nitakuuliza moja tu: inasimama wapi?