Ukienda Berega na Mtoto, Beba Majibu

Kuna watu husafiri na mabegi, wengine husafiri na matenga ya nyanya. Mimi nilisafiri na maswali. Yalivaa kaptula ya bluu na raba zinazowaka taa kisiginoni, umri wake miaka minne na miezi mitatu, na nauli hayakulipa kwa sababu yalipakatwa. Msomaji, kama hujawahi kumpakata mtoto wa umri huo kutoka stendi ya Mbezi Luis mpaka njia panda ya Berega, basi usiniambie habari za kubeba zege.

Berega, kwa asiyeijua, iko wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ukiiacha barabara kuu ya Dodoma na kuingia ndani kuelekea milima ya Ukaguru. Ndiko kwao mama watoto. Yeye alikuwa ametangulia wiki moja kabla kumsaidia mama yake kuvuna mahindi, mimi nikaachiwa huyu bwana ambaye pale mtaani kwetu wameshambatiza jina la Bwana Kwanini. Wiki nzima bila mama yake, basi ikawa kila kiumbe anachokiona lazima akiulizie mama. Paka mama yake yuko wapi? Mjusi mama yake yuko wapi? Hata mtangazaji wa taarifa ya habari hakuachwa.

Ndani ya basi alianza na konda.

"Wewe mama yako yuko wapi?"

Konda alikuwa anahesabu chenji. Akasimama, akafikiri kama mtu aliyeulizwa na polisi. "Yuko Singida."

"Anajua uko hapa?"

Basi zima likaangua kicheko. Konda wa watu akasema hajampigia simu tangu mwezi uliopita, na mama mmoja kiti cha nyuma akadakia hapo hapo, "Sasa mpigie, unasubiri nini?" Nawahakikishia, tulipofika Chalinze nilimwona pembeni ya basi na simu sikioni, anasema shikamoo.

Kasheshe lilikuwa Msamvu, pale Morogoro. Mjomba wake alishamwahidi tembo kwa simu, na kwenye chekechea yao wameambiwa tembo wanakaa Mikumi. Sasa pale Msamvu ndipo barabara zinapoachana, moja inakwenda Iringa na nyingine Dodoma. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko njia ya Iringa, na barabara kuu imepita katikati yake. Abiria wa njia hiyo ukikaa dirishani unaweza kuwaona swala, twiga, na siku ya bahati tembo mwenyewe, bila kulipa kiingilio. Basi letu likakata kulia. Bwana mdogo alipoelewa kwamba tembo wamebaki upande ule mwingine alitoa kilio ambacho naamini tembo walikisikia. Alinyamaza Dakawa, nilipomwonyesha mashamba ya mpunga, akauliza wali unaiva saa ngapi.

Dumila nilijitia mwalimu. Nikamsimulia kwamba Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara hii hapa Dumila na Magole, magari ya Dar na Dodoma yakakwama, watu wakapoteza nyumba. Akasikiliza vizuri. Nikafurahi, nikaona elimu inaingia.

"Maji yalienda wapi?"

"Yaliingia mto Wami, kisha baharini."

"Kwa hiyo tukioga baharini tunaoga barabara?"

Nikanunua mahindi ya kuchoma ili mdomo wake upate kazi nyingine.

Kutoka lami tulipanda bodaboda, watatu kwenye pikipiki moja na begi mbele kwenye tangi. Vumbi jekundu, milima mbele yetu. Wenyeji wa pale wengi ni Wakaguru, watu wa milimani. Wamisionari wa Kianglikana walishafika upande huu katika karne ya 19. Mmoja wao, J. T. Last, aliyekaa Mamboya, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Nilitaka kumweleza mwanangu na hilo, lakini alikuwa anamuuliza dereva wa bodaboda kwa nini helmeti ni moja na vichwa ni vitatu. Dereva hakujibu. Na mimi nilitazama pembeni.

Sasa niwaeleze kitu. Mimi kwetu Tarime. Kwetu mkwe na mama mkwe ni watu wa kuheshimiana kwa umbali, unaongea maneno machache na macho chini. Nilikuwa nimejipanga vizuri: shikamoo mama, habari za hapa, poleni na kazi, basi. Tumeshuka tu, kabla sijafungua mdomo, kijana kapiga hodi kwa sauti ya mnadani.

"Bibi, shikamoo! Choo kiko wapi? Si mimi, ni baba. Amejibana tangu Dumila!"

Mama mkwe, Mungu amjalie, aliitikia "marahaba mume wangu" kana kwamba nusu ya pili hakuisikia, halafu akanyoosha kidole kimya kimya nyuma ya banda la kuku. Nilikwenda. Ningefanyaje?

Niliporudi nilikuta utani umeshakolea. Bibi anadai huyu ndiye mumewe, amekuja kuishi moja kwa moja. Mume anakataa, anasema yeye hajaoa, yeye anasoma chekechea. Kisha akamsogelea bibi, akamchungulia kinywani.

"Bibi, mbona una meno machache? Mengine yako wapi?"

"Yaling'oka nikila mahindi, mume wangu."

Akaondoka. Sisi tukaendelea na salamu, nani kazaa, nani kafariki, mvua ilikuwaje. Robo saa ikapita bila swali hata moja, na mzazi yeyote anajua kimya cha aina hiyo maana yake nini. Tulimkuta nyuma ya nyumba juu ya lundo la mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, anafungua gunzi moja baada ya jingine. Mkononi ameshika punje kama kumi, nyeupe, kubwa.

"Bibi, nimeyaona! Hili hapa la mbele!"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akazipokea zile punje, akazifunga kwenye pindo la khanga yake. Mpaka tunaondoka bado zilikuwa pale.

Jioni akafika mjomba. Kama hujaoa Ukaguru unaweza ukadhani mjomba ni mjomba tu, mtu wa kuleta biskuti. Thubutu! Wakaguru, kama Waluguru na Wazaramo, kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ana sauti kubwa juu yake. Mambo yamebadilika siku hizi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatazama maslahi ya mtoto kwanza, haiulizi ukoo. Lakini mjomba hajasimama pale kusoma sheria. Alimbeba, akamtazama pua, akamtazama vidole vya miguu, akatoa hukumu: "Huyu wetu kabisa."

Mimi mtu wa Tarime nikajikohoza. Kwetu ng'ombe wakishatoka, mtoto ni wa baba, hakuna mjadala.

"Mjomba," akauliza Bwana Kwanini, "na baba ni wa nani?"

"Baba ni mgeni wetu."

"Ataondoka lini?"

Mama watoto alijificha jikoni kwenye moshi. Nilimsikia anakohoa, lakini ule haukuwa moshi.

Usiku, mafigani, bibi alitoa hadithi ya sungura na fisi. Hadithi hizi Ukaguru si za juzi. Mtafiti Mmarekani T. O. Beidelman, aliyeanza kuishi na Wakaguru mwaka 1957, aliziandikia makala mwaka 1961 akieleza kwamba sungura na fisi ndani yake wanazungumzia undugu wa upande wa mama. Ile ya bibi ndiyo inayojulikana sehemu nyingi: njaa imeingia, fisi na sungura wanakubaliana kuwauza mama zao, fisi mjinga anamuuza wa kwake kweli, sungura anamficha wa kwake pangoni. Wajukuu wengine walicheka pale fisi anapodanganywa. Wa kwangu hakucheka.

"Sasa fisi anakaa na nani?"

Bibi akasema hadithi imeishia hapo. Kijana akasema haijaisha.

Kesho yake bibi alikuwa na siku yake ya kupima presha katika Hospitali ya Berega, nasi tukamsindikiza. Hospitali hii ya Kanisa Anglikana ina jina mpaka ng'ambo. Mwaka 2009 gazeti la New York Times liliandika kutoka hapo juu ya akina mama wanaokufa wakijifungua. Tangu hapo nchi imepiga hatua: takwimu za kitaifa za 2015/16 zilikuwa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na za 2022 zikawa 104. Ila hata 104 ni akina mama, na nyuma yao wanabaki watoto. Berega kuna kituo cha kulea vichanga wa namna hiyo. Na pana utaratibu ambao mimi niliupenda: kichanga haletwi peke yake kama mzigo. Anakuja na binti wa ukoo wake, dada au mama mdogo, akae naye, amlishe, amjue, ili siku ya kurudi kijijini arudi na mtu wake.

Tulimkuta binti mmoja ameketi kivulini na kichanga begani. Nilijua kinachokuja. Nilimshika mkono kijana nimwondoe, nikachelewa.

"Mama yake yuko wapi?"

Nikaanza, "Mama yake amesa..." Nilitaka kusema amesafiri, si ndivyo tunavyosema? Yule binti akanikata kwa upole kabisa.

"Amekufa. Alikufa alipomzaa."

Kijana hakushtuka. Alimtazama mtoto, akamtazama binti.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi mama yake mdogo."

"Anakunywa maziwa yako?"

"Hapana, ya kopo."

"Usiku analala na wewe?"

"Analala na mimi."

"Akilia?"

"Naamka."

Akatafakari. "Basi sawa," akasema, akamgusa kichanga unyayo kwa kidole kimoja, kisha akaenda kumchungulia mbuzi aliyefungwa karibu na njia. Mimi nilibaki nimesimama pale na neno langu la kusafiri mdomoni.

Nilidhani yamekwisha. Usiku wa siku ile tuko kwenye chai ya mchaichai, wote, akaja kukaa katikati ya miguu ya mama yake.

"Mama, na wewe utakufa?"

Kikombe cha mjomba kikasimama hewani. Mama watoto alimpapasa kichwa, akasema, "Nitakufa, lakini si leo. Nikishazeeka kama bibi."

"Ala! Mimi ndiye mzee?" bibi akaruka. "Mume wangu, unasikia wanavyonitukana?"

"Ukifa nitakaa na nani?"

"Hapa kwetu," mjomba akawahi. "Na mimi mjomba wako, na bibi, na wote hawa."

Nikaona hapa nikinyamaza nimekwisha. Nikasema, heshima yenu wazee, lakini mtoto ana baba, na baba mwenyewe yuko hapa anakunywa chai. Kidogo pakawa na ubaridi. Mjomba anatazama moto, mimi natazama moto, bibi anafungua na kufunga pindo la khanga. Mtoto akatutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu.

"Na baba naye aje akae hapa," akaamua. "Lakini baba hawezi kupika. Tumtafutie binti."

Mjomba alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. Bibi akajifunika khanga usoni. Mama watoto hakucheka. Aliniuliza taratibu, mbele ya wakwe, hiyo safari ya hospitali ilichukua saa ngapi, na yule binti wa kituoni anaitwa nani.